Mapaa Sitini na Manne

Kazini walimwita Setilaiti, na jina hilo hakulikataa, maana alijijua kuwa katika kazi yake hana mpinzani. Kwa miaka tisa alikuwa katika ofisi ya ramani ya manispaa akisoma picha za mji zilizopigwa kutoka angani: wapi pamejengwa, wapi pana miti, wapi maji ya mvua yatapita. Mumewe alimtania kwamba anaujua mji mzima ila hajui chumvi inakaa kabati gani. "Chumvi haionekani kutoka juu," alimjibu.

Asubuhi hiyo mkuu wa idara alitaka saini yake kabla ya kikao cha saa nane mchana. Manispaa ilitafuta ardhi tupu ya kuchimba bwawa la kupokea maji ya mafuriko, na ramani ya Setilaiti ilikuwa imeipata: udongo mtupu, bondeni, hapana mtu. Kikao kikipitisha, yeyote ambaye angekutwa pale angehesabiwa mvamizi aliyeingia juzi, aondolewe bila kusikilizwa.

Alikuwa ameshashika kalamu alipokiona kivuli kwenye picha. Kilikuwa chembamba, kimenyooka, na pembeni yake kingine. Udongo mtupu hauna kivuli! Akaivuta picha karibu, akajua papo hapo. Miaka mitatu nyuma, alipokuwa akiifundisha kompyuta kutambua nyumba, aliipa mifano ya mabati mapya yanayong'aa. Bati likishika kutu, rangi yake na ya udongo ni baba mmoja mama mmoja.

Hakumpigia mtu simu. Alibeba kifaa chake cha kupimia mahali, akapanda pikipiki hadi bondeni. Nyumba ya kwanza alimkuta bibi mmoja akianika godoro.

"Unapima nini, mwanangu?"

"Paa, bibi."

"Hilo la nini kulipima? Linavuja tu."

"Kwenye kompyuta yetu hapa hapana nyumba."

"Ala! Basi mimi jana nimelala wapi?"

Setilaiti alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alizunguka mlango kwa mlango, jua likimchoma utosini, hadi akafika nyumba ya sitini na nne. Aliona aibu, tena aibu kubwa, lakini hata mara moja hakuhesabu kwa kukisia.

Kikaoni alizitandaza picha mezani. "Pale wanaishi watu. Kosa ni langu, na sisaini."

Mkuu wa idara akamwinamia sikioni. "Dada, si useme tu mashine imekosea? Yaishe."

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alijibu kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hii nimeilea mimi."

Mhandisi wa maji, mzee asiyepoteza maneno, alivua miwani. "Tangu uifundishe hivyo, umetoa ramani ngapi?"

Wenzake wakaangalia meza. Setilaiti angeweza kusema kwamba atakwenda kutazama kwenye kumbukumbu, na hakuna ambaye angemfuatilia.

"Kumi na moja," alisema. "Mbili kati ya hizo zilitumika kuondoa watu. Naomba majina yao leo hii, nikawatafute."