Pikapu Aliyoichagua Kebaso

Kebaso alikuwa dereva wa kubeba majani ya chai katika shamba moja kubwa upande wa Sotik, na kila kitu maishani mwake alikipima kwa kukipiga. Gari lilikula teke la mlango. Betri iligongwa kwa spana. Turniboi mmoja, msaidizi wake wa kupakia, aliyemjibu vibaya aling'olewa jino, wakapatanishwa, na siku iliyofuata wakapakia magunia pamoja kama ndugu. Mtu pekee ambaye mkono wa Kebaso haukumfikia ni Esnah, mkewe na mama wa mtoto wao Kerubo, mchuma chai wa shamba hilohilo. Mara ya kwanza Kebaso alipoinua ngumi, Esnah aliinua mwiko uliokuwa bado na ugali wa moto, na mambo yakaishia hapo.

Kwa hiyo shamba lilipoletewa pikapu mbili za umeme za kujaribu, Ogada, msimamizi wa magari, hakusumbuka kutafuta mtu mwingine.

"Zipige vile unajua," alimwambia. "Ile itabaki nzima ndiyo tutanunua. Na wewe ndiye utaiendesha."

Maneno hayo ya mwisho yalimshukia Kebaso vizuri. Gari lake la dizeli lilikuwa limechoka hadi breki alizikanyaga huku akiomba Mungu.

Basi akazitesa. Pikapu nyeupe ilikuwa na kioo kama televisheni na viti vya kukaliwa na mheshimiwa. Aliipakia majani mabichi hadi springi zikalia, akaiteremsha mpaka mto Kipsonoi asubuhi moja baada ya mvua. Kwenye kilima cha kurudi ikaanza kumeza chaji kama mtu aliyetoka kufunga, ikateleza, ikajigonga ukingoni, tumbo likakwaruza mawe na taa nyekundu zikawaka. Kebaso alishuka akaipiga teke, kisha la pili kwa sababu la kwanza halikumtosha.

Ya kijivu haikuwa na sura, lakini ilipanda kilima kilekile na mzigo uleule bila kuhema, magurudumu yote manne yakishika tope. Ikiteremka ilijirudishia chaji kidogo, jambo lililomfanya Kebaso acheke peke yake. Ilikuwa kimya mno, ng'ombe wa watu hawakuondoka barabarani, ikabidi awapigie honi na kuwatukana. Nyuma, ubavuni mwa bodi, ilikuwa na soketi mbili kama zile za ukutani. Hizo nazo Kebaso alizipiga ngumi. Hazikulegea.

"Chukua hii," alimwambia Ogada. "Ile nyingine patia mapasta."

Ogada hakuuliza habari za kilima. Aliuliza za soketi. Kisha akafungua stoo na kutoa mashine ya umeme ya kuchuma chai, ile inayoshikwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, meno yakipita juu ya vichaka. Akaichomeka kwenye pikapu. Meno yakaanza kukata hewa.

"Mambo ya petroli kuibwa imeisha," alisema Ogada. "Gari inaingia shambani, mashine inakula chai siku mzima."

Kebaso alielewa palepale. Mashine ile ingewafukuza kazi wachumaji wa laini nzima ya kambi ya wafanyakazi, na Esnah alikuwa wa laini hiyo. Angeweza kusema soketi ni mbovu. Angeweza kuzivunja, mikono anayo. Lakini alikuwa ameshaupenda usukani ule, akanyamaza kama mwizi. Jioni Esnah alipomuuliza gari hilo jipya ni la kazi gani, alijibu, "Kubeba majani," akaomba chumvi.

Asubuhi ya kuanza, pikapu iliingia shambani bila mlio, na wachumaji hawakujua lolote mpaka mashine iliponguruma katikati yao. Vichwa vikainuka. Ogada, badala ya kufunga mdomo, akapanda nyuma ya pikapu.

"Hii gari imepimwa na Kebaso mwenyewe, bwana ya Esnah!" alitangaza. "Amesema ni nzuri!"

Jiwe la kwanza lilimpasua sikio. Aliruka, akatokomea ndani ya chai akiacha kiatu kimoja. La pili lilipita kioo cha mbele na vipande vikamjaa Kebaso usoni. Kabla hajapata gia ya kurudi nyuma, Chepchirchir, mwanamke mrefu ambaye wachumaji wote walimtii, alifungua mlango akamng'oa kitini kwa kola.

"Si ni wewe umetuuza? Mpaka bibi yako umeuza?"

Mateke ya gambuti yakaanza kumshukia mbavuni. Panga lilimkosa shingo likachana bega. Mtu alileta petroli kutoka stoo, na pikapu ya kijivu ikashika moto, viti kwanza, kisha moshi mweusi ukabubujika chini yake, wenye harufu ya kuchoma koo.

"Mtupeni ndani!" sauti ikasema, na wengi wakaitikia. Wakamwinua.

Hapo ndipo Esnah alipofika, na fimbo yake ndefu ya kulazwa juu ya chai wakati wa kuchuma.

"Mshusheni! Huyo ni wangu. Nitammaliza mimi."

Wakamshusha, maana hakuna aliyekuwa akimdai zaidi kuliko mkewe. Esnah aliishika fimbo kwa mikono miwili akamtwanga kichwani, Kebaso akaanguka kifudifudi, damu ikamfunika. Kisha akampiga tena, kwenye mkono wa kulia, na walio karibu wakasikia mfupa ukivunjika. Kebaso hakutikisika.

"Amekwisha," alisema Esnah. "Niachieni maiti yangu."

Wakakimbilia yadi ya magari kuichoma ile pikapu nyeupe. Yeye akamburuta kwa miguu mpaka mtaroni, akamfungia kichwa kwa leso yake huku akilia na kumtukana.

Hospitalini walimshona uso na bega, mkono wakautia plasta, wakamwambia hautanyooka tena sawasawa. Esnah alikuja kila siku kumlisha uji. Siku alipoweza kufungua mdomo vizuri, Kebaso alimwuliza.

"Mama Kerubo, ulinipiga ndiyo uniokoe?"

"Ya kichwa, ndiyo."

Kebaso akautazama ule mkono wa kulia, mkono wake wa gia, wa spana na wa ngumi.

"Na hii?"

Esnah akakoroga uji.

"Nilikuuliza hiyo gari ni ya kazi gani," alisema, akampelekea kijiko, na Kebaso akafungua mdomo.