Mikono Miwili Juu

Siku ya kwanza niliyoingia bandarini nilikuwa nimevaa viatu vya kaka yangu, vikubwa kuliko miguu yangu, na shati la Idi ambalo mama alilipiga pasi kwa furaha mpaka likang'aa. Sisi ni Waislamu wa Kisangani ya zamani, wajukuu wa wafanyabiashara. Kwetu kijana alitazamiwa kushona kanzu au kuuza vitambaa. Mimi nilitaka kreni. Tangu utotoni nilizisikia zikilia upande wa mto, na moyo wangu ulikuwa kulekule.

Mkubwa wa gati, tuliyemwita chef de quai, alinikagua kuanzia viatu mpaka kichwa. Alikuwa mtu wa Isangi, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza. Hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Aliniuliza, "Unaogopa kelele?"

"Hapana, chef."

"Unaogopa batu?"

Nikacheka, niogope watu? Yeye hakucheka. "Sikiya, kijana. Kazi ya signaleur iko kusema apana kwa batu wakubwa kuliko weye. Kama unaogopa batu, rudia kwenu, ushone kanzu."

Nikabaki, na viatu vyangu vikubwa.

Ninyi vijana mnaosoma haya, wengi hamjaona kreni ikifanya kazi hapa kwetu, basi niwaeleze. Mwendesha kreni, grutier, anakaa juu kabisa katika kibanda cha vioo. Hasikii kitu. Shimo la barge, lile jahazi bapa la chuma linalosukumwa na meli, halioni mpaka chini. Macho yake ni signaleur aliyesimama gatini. Mkono huu, inua. Mkono huu, shusha. Kidole kikizunguka polepole, polepole. Akifuata mkono wa mtu mwingine, mtu anakufa. Ndiyo maana signaleur ni mmoja tu, na siku ile chef alinifundisha ishara hizo asubuhi nzima, akinigonga kiwiko kwa kijiti kila nilipolegeza mkono.

Kisha akanipa sheria mbili. Nimezeeka sasa, nasahau nilipoweka miwani, lakini sheria zile sijazisahau.

"Ya kwanza," alisema, "mzigo hautapita pahali weye haujapita na miguu yako."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ndoano haijainua hata gunia moja, nilitembea njia yote ambayo mzigo ungepita hewani, kutoka ukingo wa gati mpaka mlango wa ghala. Naangalia nani amekaa pale, nani amelala, nani ameweka beseni lake. Wapakuzi walinicheka. "Ramazani anapima kaburi lake!" Nami niliwajibu kwamba kaburi nalipima, ila langu silo, na wanyamaze kabla sijawalaza humo.

"Ya pili," alisema chef, "ishara zote ziko zako. Lakini hii moja..." Akainua mikono yote miwili juu, viganja mbele. "Hii ni arrêt. Simama! Hii iko ya kila mutu. Directeur, mulinzi, mama wa kuuzisha kwanga, hata mulevi. Ukiiona, weye nawe unainua mikono, mpaka ndoano isimame. Apana kuuliza sababu. Sababu utauliza nyuma."

Aisee, bandari ile! Barge zilipanda kutoka Kinshasa zimejaa chumvi, saruji, vitambaa, baiskeli zilizofungwa karatasi. Zikashuka na kahawa, mapipa ya mawese na mbao zilizonukia gati zima. Grutier wangu alikuwa Tonton Bofenda, mzaliwa wa Yanonge, Mkristo wa kweli, aliyeimba nyimbo za kanisani peke yake kule juu. Sisi huku chini tuliona mdomo tu ukifunguka na kufungika. Nilimtania kwamba Mungu alimpandisha kreni ili wanadamu wapumzike. Naye alinitania kwamba mfungo wangu wa Ramadhani ulikuwa unaishia kwenye harufu ya samaki wa Mama Lifoko.

Mama Lifoko alikuwa msichana wakati huo, lakini tayari tulimwita mama kwa sababu ya ulimi wake. Alitupikia lituma, ndizi zile za makemba zilizopondwa, na samaki ngolo wa moshi. Kila asubuhi alikaa katikati ya njia yangu. Kila asubuhi nilimwondoa.

"Toka hapo, mama."

"Weye Ramazani, njia iko ya baba yako?"

"Mzigo utapita juu ya kichwa chako."

"Basi upite haraka, lituma inapoa!"

Siku moja tulikuwa tunainua saruji. Mzigo ulikuwa umepanda juu ya barge, mimi nauona upande wangu uko sawa, nikatoa ishara ya kuzungusha. Upande wa pili, ambao mimi na Bofenda hatukuuona, kamba ya chuma ilikuwa imechomoka kwenye pembe moja. Mama Lifoko aliiona kutoka alipokaa. Hakupiga kelele, nani angemsikia? Alisimama, akaacha beseni, akainua mikono miwili juu. Nikamwona kwa pembe ya jicho. Sikuuliza. Nikainua yangu. Bofenda akasimamisha kreni, na magunia yakaning'inia yamelala upande, juu ya vichwa vya wapakuzi waliokuwa wanakunywa maji ndani ya barge.

Tulipoushusha mzigo, tukazunguka na kuona ile pembe, Bofenda aliteremka kuja kuitazama mwenyewe. Chef akaja mbio. Tulidhani atamfukuza yule mwanamke, maana wauzaji hawakuruhusiwa kusogea pale. Akamuuliza: "Nani alikufundisha?"

"Naonaka Ramazani kila siku," alisema Mama Lifoko. "Mi sina macho?"

Chef akavua kofia yake. Akala lituma ya mwanamke yule amesimama, palepale, na tangu siku ile Mama Lifoko alipewa pahali pake chini ya paa la ghala, nje ya njia yangu. Hakuacha kunitukana, hata hivyo.

Baadaye nilihamishiwa ng'ambo, Lubunga, kwenye mabehewa ya reli ya Ubundu. Huko mkubwa wangu alikuwa chef de gare, mkuu wa stesheni, mzee mpole aliyeyaita mabehewa yote "wanangu" na kuyapigapiga ubavuni. Meli zilipopungua, nikapelekwa Bangboka kupakua ndege. Kazi ya Bangboka sikuipenda. Ndege inafika na haraka yake, inaondoka na haraka yake, na hakuna anayekujua jina. Mkubwa wa pale alituita wote "mon cher" asipate shida ya kukumbuka. Niliporudishwa gatini kreni zilikuwa zinakula kutu, na Tonton Bofenda alishazikwa kwao Yanonge. Nilikwenda nikasimama chini ya kibanda chake cha vioo nikalia, sioni aibu kusema. Muda mfupi baadaye nikastaafu. Walinipa redio na hotuba.

Sasa nije kwenye habari inayonifanya niandike.

Tulisikia kwamba litajengwa gati jipya la makontena, yale masanduku ya chuma makubwa kama nyumba. Wallahi nilifurahi. Kreni zingelia tena! Na mwanangu wa mwisho, Musa, mwenye diploma ya serikali ukutani na baiskeli ya toleka barazani, aliahidiwa kazi huko. Toleka ni hii baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, unabeba watu mjini kutwa nzima mpaka magoti yanawaka. Musa aliponiambia habari ya kazi, alikuwa anacheka kama alivyocheka akiwa mdogo.

Lakini gati lile halikupangwa pale penye bandari ya zamani. Lilipangwa kwenye libongo letu, ufuko mdogo chini ya mtaa wetu wa Kabondo, mahali pirogi, ile mitumbwi yetu, zinapofunga na akina mama wanapopokea samaki na makemba. Nyumba za ukingoni zingebomolewa. Malori yangepanda kwenye kijia chetu, yapite mbele ya shule, yaende kuchukua barabara ya Bangboka. Watu wa mtaa wakakasirika. Wakaja kwangu: "Papa Ramazani, weye unajuwa mambo ya kreni. Simama kwenye mkutano, utusemee."

Nilikataa. Niliwaambia mji usio na bandari ni kijiji kikubwa, na kwamba wao wangepinga hata mvua. Asubuhi ya mkutano nilivaa kanzu yangu nzuri nikiwa nimekata shauri kusema maneno ya kulisifu gati. Musa alinifunga kifungo cha shingo mwenyewe.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Enjinia wa mradi alikuwa kijana mwenye adabu, hakutudharau. Alieleza kwamba maji ya gati la zamani yamejaa mchanga, na kwamba mji unahitaji chumvi na dawa kwa bei nafuu. Kweli tupu. Nilikuwa natikisa kichwa kwa kukubali.

Ndipo Mama Lifoko akasimama. Sasa ni bibi, mgongo umepinda, lakini wenye pirogi bado wanamtii libongo zima. "Pirogi zetu zitafunga wapi?" aliuliza.

"Mama, hayo ni mambo ya kitekniki," alisema enjinia kwa upole. "Tutayajibu wakati wake. Donc, tuendelee."

"Na batoto wa shule?"

"Mama, tafadhali. Wataalamu wanashughulikia."

Aliyeshika kipaza sauti akampita. Mama Lifoko hakukaa, wala hakubishana. Aliinua mikono miwili juu, viganja mbele.

Watu wakacheka. Walidhani anaomba. Mmoja akapaza sauti, "Amina!"

Mimi sikucheka. Ishara ile niliijua. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama yule anayeendesha mkutano, kama alivyomtazama Bofenda siku ile. Mikono yangu ikaanza kupanda. Musa, aliyekaa kando yangu, alinishika kanzu.

"Papa, apana. Kazi yangu, Papa."

Nampenda mtoto huyu kuliko macho yangu. Niliona uso wake na bado nikainua mikono. Sababu utauliza nyuma. Kule mwisho wa ukumbi mpakuzi mmoja mzee akasimama, mikono juu. Mwingine akamwachia mjukuu wake fimbo, akainua yake. Vicheko vikaisha.

"Kuna nini, Papa?" aliuliza enjinia.

"Hii ni arrêt, monsieur," nilisema. "Hatusemi makontena yasikuye. Mimi nayataka kuliko weye. Tunasema mzigo usimame kwanza. Kabla haujapita juu ya vichwa vya batu, mutembee njia yake na miguu, pamoja na sisi."

Alifungua daftari lake. Kisha akasema yeye si mkurugenzi, ila atayapeleka maneno hayo kama yalivyo. Akaandika, na mkutano ukavunjika bila uamuzi. Mpaka leo jibu halijafika. Pengine watajenga kwingine, pengine watakuja na tingatinga. Sijui, na msinitake nijidai najua.

Mama Lifoko alinipita mlangoni. "Umechelewa kuinua," alisema. "Unazeeka." Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Musa hakuzungumza nami. Alikula chakula chake nje, aliamka mapema kunikwepa. Iliniuma sana. Mtu anafanya kazi maisha yake yote ili mtoto asilale njaa, halafu katika uzee anainua mikono na kumfungia mtoto mlango. Usiku nilijiambia nimekosa, mchana nilijiambia sikukosa, na mke wangu alituambia sote wawili tunamchosha.

Nikakumbuka ile sheria ya kwanza. Kama niliwataka wengine waitembee njia ile, basi nianze mimi. Nikachukua fimbo nikashuka mpaka libongo, nianzie pale malori yangeanzia. Sijaenda mbali nikasikia kengele ya baiskeli nyuma yangu.

"Panda, Papa," alisema Musa, uso umekunjwa. "Ukianguka njiani, batu watasema mi mutoto mubaya."

Nikapanda kiti cha sponji. Tukapanda kijia polepole, yeye anahema, mimi namwonyesha: hapa lori litabana ukuta huu, hapa mama huyu wa maandazi itabidi ahame. Akazidi kukanyaga pedali. Tulipofika mbele ya shule, watoto walikuwa wanatoka. Mnawajua watoto wanapotoka shule, wanamwagika bila kuangalia. Na kutoka juu pikipiki ilikuwa inashuka kwa kasi, inapiga honi.

Musa akaniachia baiskeli yote, nikaegemea ukuta nisianguke. Akaingia katikati ya njia na kuinua mikono yote miwili juu, viganja mbele. Sijawahi kumfundisha. Pikipiki ikafunga breki, mwenyewe akitukana. Watoto wakaendelea kupita.

Musa hakumtazama yule wa pikipiki. Alikuwa anatazama kule chini, upande wa mto, tulikotoka.

"Papa," alisema, mikono bado juu, "lori ya kontena, dereva akifunga breki, inafika mpaka wapi ndio isimame?"

Niliilaza baiskeli chini, nikaenda kusimama kando yake, nikainua yangu, mpaka mtoto wa mwisho alipovuka.