Mkono Ulio Ndani ya Kipanya

Mama Pasi alimsoma mumewe kwa nguo. Alikuwa dobi, anafua na kunyoosha nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na shati la mume halikumficha kitu: akila nje alijua, akisinzia mezani alijua. Lakini kile kipanya kipya cha kazini kwake hakikuacha doa shatini, na ndicho kilichomkosesha raha.

Mume alikuwa anabuni vipanya vya kompyuta. Majirani hawakuielewa kazi hiyo, wakamwita Baba Panya, yakaishia hapo. Hiki kipya hakikuwa na vitufe. Mgongo wake laini kama yai, unaupapasa kwa kidole jinsi watu wanavyopapasa simu, nacho kwa ndani kinakujibu. Kinakudonoa kidogo, tik, kidole kinajua kimefika bila jicho kuangalia. Mume akawa anakuja nacho mpaka mezani. Mkono mmoja kwenye sahani, mwingine juu ya kipanya, na uso umemlegea kama bwana harusi.

"Huyo mke mwenzangu hasikii njaa?" aliuliza Mama Pasi.

"Acha utani, mama watoto. Nausikiliza mtetemo wake."

"Mimi nilitetemeka kwa homa wiki nzima, hukusikia."

Asubuhi moja mume alikiacha kwenye meza ya pasi akaenda kuoga. Mama Pasi akakiwekea kiganja, basi tu, aone. Kiganja chake kifupi, kipana. Kidole gumba kikatafuta pa kulala, kikakuta bonde lake liko mbali. Mume mwenyewe aliwahi kumwambia kwamba umbo la kipanya huanza na mkono wa mtu, unabonyezwa kwenye udongo mbichi, kisha ndipo linachongwa. Na huu uliobonyezwa haukuwa wake. Ulikuwa mkono mrefu, mwembamba, usiojua ndoo. Akamkumbuka karani wa kazini kwa mumewe, yule binti mwenye vidole kama penseli.

Alikifunika kipanya chini ya mashati kwenye kapu, akamwacha mume akitafute hadi achoke aende zake. Kisha akajitwika kapu, akamfuata.

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye meza zilizojaa nyaya na vipanya vilivyopasuliwa matumbo. Karani akainuka.

"Karibu wifi. Mzee wako yuko stoo, ametupekua sisi wote, bado kutuvua viatu."

"Weka mkono hapa," alisema Mama Pasi, akikitoa kipanya kapuni.

"Si tusalimiane kwanza, wifi?"

"Tutasalimiana ukishaweka."

Karani akaweka. Vidole vikapitiliza, vikaning'inia mbele. Siye. Mama Pasi hakutosheka. Akamshika mhasibu, akamshika mfagiaji, hata bosi alipopita na chai yake alikamatwa. Kila mkono uliingia, na hakuna uliotulia.

"Kama kiatu cha mitumba," alisema mfagiaji. "Kinakuingia, lakini chenyewe kinajua si chako."

Mume akatokea stoo, waya shingoni. Aliona kipanya, akamwona mkewe, akaelewa yote kwa mara moja.

"Si mkono wa mtu huo," alisema taratibu. "Nilipima mikono ya hawa wote, na ya majirani, nikapata wa katikati. Mwenye mkono huo hajazaliwa."

Watu wakacheka. Mama Pasi naye angecheka, ila neno moja lilimkwama.

"Majirani gani?"

"Huyo muuza mkaa. Yule mama wa ghorofani. Na mdogo wako, siku ile alipokuja kutusalimu."

"Mdogo wangu yumo."

"Yumo."

"Na mimi?"

Mume akaanza kuukunjua waya wa shingoni. Hapo ndipo wivu wenyewe ulipomshika Mama Pasi. Ule wa mwanzo ulikuwa mzaha. Aliogopa mwanamke mmoja, kumbe mtaa mzima umo tumboni mwa kile kitu, na aliyeachwa nje ni yeye.

"Vidole vyako vina sugu, mke wangu," mume alijitetea. "Miaka yote unavilowesha kwa mate unagusia pasi kupima moto. Mtetemo hutausikia. Ungeniharibia vipimo."

"Kiwashe."

Akakiwasha. Mama Pasi akapapasa. Kimya.

"Hakisemi."

"Kinasema. Wewe ndiye husikii."

"Basi kiseme kwa nguvu." Akavuta kiti cha bosi, akakikalia. "Sina haraka."

Mume akaongeza mtetemo kwenye kompyuta. Karani alijaribu, akaurudisha mkono. Akaongeza tena, kikombe cha bosi kikaanza kulia juu ya meza. Akaongeza tena. Uso wa Mama Pasi ukabadilika.

"Huyo," alisema. "Mwache hapo hapo."

"Hatuwezi kuuza kitu kinachong'ata watu," alisema bosi, bado amesimama.

"Atakayeng'atwa apunguze," alijibu Mama Pasi.

Ndivyo kipanya kile kilivyopata kigurudumu kidogo chini ya tumbo, cha kuongeza na kupunguza mtetemo. Umbo halikubadilika, mkono wa Mama Pasi haumo hadi leo, na mumewe hukumbushwa kila anapochelewa kurudi.

Cha kwanza alipewa yeye, cha betri. Kompyuta hana. Kinakaa rafuni kando ya wanga wa nguo, kigurudumu kimezungushwa mpaka mwisho. Mdogo wake akija kutembea, humpa akishike.

"Yalaa, dada, mbona kinauma?"

"Kwako tu," husema Mama Pasi, na kulowesha kidole, na kugusa pasi.