Gari Lililosuguliwa

Kila asubuhi, kabla ya kupanga viatu vyake vya mtumba pale Kariakoo, jamaa mmoja alikuwa akifungua boksi la magari yake ya kuchezea ya mbio, yale ya kwenye katuni za Kijapani, madogo ya kuenea kiganjani, akiyapangusa moja moja kwa brashi ya kunyolea ndevu. Vidole vyake vinene, vyeusi kwa dawa ya viatu, vilikuwa vyepesi ajabu. Wauza soksi walimtania: "Baba mzima! Umekosa hata mtoto wa kumsingizia?" Alicheka kwa sauti ndogo, akafunika boksi. Shamsa, anayewaoshea wauzaji viatu, alicheka nao, kisha kicheko kikamsuta rohoni.

Kesho yake, akitaka kumfurahisha jamaa, Shamsa alichukua gari moja jeupe ndani ya boksi, akalisugua kwa sabuni ya unga na brashi ngumu kama anavyosugua raba.

"Nimekung'arishia, kaka."

Jamaa akapapasa mlango wa gari kwa kidole gumba. "Hapa palikuwa na namba. Niliichora mwenyewe kwa unywele mmoja wa brashi, wiki nzima."

Shamsa akakosa pa kuyaweka macho.

"Haina shida, dada. Nakuja."

Akakumbatia boksi, akapenya watu kuelekea Mnazi Mmoja. Wateja waliuliza bei ya viatu vyake mpaka alasiri, Shamsa akiwajibu kwamba mwenyewe anakuja. Hakurudi.