Kichwa cha Mama Mkwe

Ijulikane kwa wote, waliookoka na wanaosubiri nafasi, wenye viti vya mbele kanisani na wanaokaa karibu na mlango ili watoroke kabla ya matangazo: katika mtaa huu, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, Mwenyezi Mungu amejiinulia mtumishi. Mbele ya pazia ni saluni. Nyuma ya pazia kuna kitanda, jiko la mafuta ya taa, na mtumishi mwenyewe, amejifunga kanga kifuani, anamlalamikia huyo Mwenyezi kwamba maji yamekatika tena.

Mtumishi huyo ni msusi. Mtaani wanamwita Vidole, kwa sababu vidole vyake vikishaingia kichwani mwa mtu havionekani tena, unaona mistari tu inajitokeza. Mwenye haraka ya harusi anakwenda kwa Vidole. Mwenye kichwa kilichoharibiwa na msusi mwingine anakwenda kwa Vidole, anasukwa, na masimango anapewa bure. "Nani kakufanyia hivi, shoga? Ulimkosea nini?"

Aliokoka akiwa mtu mzima, ndoa yake ilipokwisha kuvunjika, na tangu siku hiyo anaongea na Mungu kama watu wanavyoongea na fundi waliyemzoea. Hasali kwa sauti ya redio kama wenzake. Anasali akisuka, kitana kikiwa mdomoni, kwa hiyo maombi yake mengi hufika mbinguni yakiwa na herufi pungufu. Humuuliza mambo yote: aongeze benchi au asiongeze, yule mlevi anayekuja kulala kivulini mwa saluni, amfukuze au ampe chai? Anasubiri jibu. Jibu likichelewa, anampa chai.

Lakini kuna jambo moja alilomwomba Mungu kwa moyo wote asimjibu, nalo ni la mama mkwe.

Mama mkwe wa zamani, tuseme ukweli. Ndiye aliyeivunja ile ndoa, na wala hakuhitaji mganga. Alitumia mchuzi. Kila mlo alitafuta unywele kwenye sahani, akaupata, akauinua kwenye mwanga na kuuliza kwa upole mkubwa, "Huu ni wa nani leo?" Mwanawe, mume wa Vidole, aliyemtii mama yake kuliko alivyoitii akili yake, alikuwa anasukuma sahani na kuondoka mezani. Mwishowe kopo la bati la vitana vya kusukia likarushwa uani, mvua inanyesha. Vidole akatoka kulifuata na hakurudi. Mume akaoa kwingine, akahamia mbali, akabadilisha namba ya simu ili asisumbuliwe, hasa na mama yake.

Sasa mama yule amezeeka na akili imeanza kumtoka bila kuaga. Anaweza kwenda bafuni akakutwa stendi. Alikuwa akiishi kwa binti yake, yaani wifi yake Vidole, mpaka asubuhi moja alipowashia jiko vyeti vya shule vya mume wa huyo binti. Mume akasema, "Chagua. Mimi au mama yako." Ukapangwa mpango: mama arudishwe kwenye nyumba yake ya zamani, mlango ufungwe kwa nje kwa kufuli, na jirani awe anampitishia chakula dirishani.

Wifi alikuja kumweleza Vidole hayo akiwa amesimama mlangoni. Kiti hakukitaka.

"Sijaja kukuomba kitu, wifi."

"Najua."

"Nimekwambia tu."

"Na mimi nimesikia tu."

Alipoondoka, Vidole alivuta pazia, akapiga magoti, akaweka mambo wazi. "Baba, najua unachofikiria. Usifikirie. Mimi nina kitanda kimoja, na kile ni kitanda cha mtu mmoja. Ukitaka nimchukue, sema kwa sauti ninayoisikia. Ukinyamaza nitaelewa umekataa, tuachane kwa amani."

Mungu akanyamaza. Lilikuwa jibu safi kabisa, na Vidole akamshukuru. Shida ni kwamba shukrani yenyewe aliirudia mara tatu, na bado alikuwa amepiga magoti.

Akaona alipeleke jambo kwenye kikundi cha maombi cha akina mama. Mwenyekiti wao alikuwa mama mwenye vilemba vikubwa, na nyuma ya mgongo wake walimwita Ufunuo, maana Mungu alikuwa hawezi kumficha kitu.

"Tusilikurupukie hili," alisema Ufunuo. "Tuingie kwenye mfungo. Tuutafute uso wa Bwana, atuonyeshe nyumba ya kumpokea huyu mama."

Wakafunga. Wengine kavu, wengine kwa uji kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Na Bwana akaanza kuonyesha. Mmoja akaonyeshwa nyumba ya ghorofa. Kikundini hakukuwa na mwenye ghorofa. Mwingine akaonyeshwa nyumba isiyo na mbwa, akatoa machozi, kwa sababu yeye angependa sana ila ana mbwa. Katibu akaona mlango wa buluu, na wa kwake alikuwa ameupaka kijani majuzi tu. Ufunuo mwenyewe, mwenye vyumba vinne na mume ambaye kila mara yuko safarini, akaonyeshwa kwamba wakati haujafika.

"Na wewe mpendwa," wakamgeukia Vidole, "umeonyeshwa nini?"

"Mimi nimeona njaa."

Tusiwacheke sana lakini. Hakuna mmoja kati yao ambaye hakuwahi kumuosha mgonjwa wake mwenyewe, na walijua uzito wa ile ndoo. Walichokuwa wanamwomba Mungu ni awaonyeshe mtu asiyeujua.

Siku ya safari ikafika. Wifi akamleta mama saluni, gari la kukodi likabaki barabarani.

"Mtengeneze kidogo tu, wifi. Asifike vile, majirani wakasema. Nakwenda sokoni kumnunulia vitu vya kule, nikirudi tunaondoka."

Vidole akakubali. Kichwa kimoja, akajiambia, na hapo yameisha. Benchini palikuwa na muuza mayai akingoja zamu yake, amekumbatia trei kama mtoto mchanga.

Kitambaa kilipofunguliwa, muuza mayai aliangalia pembeni. Nywele za mama zilikuwa zimeshikana mpaka zimekuwa kitu kimoja, kama mkeka uliolowa ukasahauliwa. Kitana hakikupita. Nyuma ya sikio palikuwa na kidonda ambacho hakuna aliyekijua. Vidole aliwasha jiko. Alichemsha maji, akachukua mafuta, akaanza kuchambua kwa vidole, unywele kwa unywele, akikizunguka kile kidonda kwa mbali.

Mama hakumtambua. Alifumba macho kama mtoto anayeogeshwa.

"Binti, una mikono laini. Si kama yule mkwe wangu."

"Mkwe yupi, mama?"

"Alikuwepo mmoja. Msusi. Nywele kila mahali. Kwenye mchuzi, kwenye maziwa."

"Kwenye maziwa pia?"

"Hata akiongea zinatoka."

Muuza mayai alicheka, akajifanya anakohoa. Vidole aliinua macho kwenye dari, kitana mdomoni. "Unasikia?" alisema. "Unasikia lakini?"

"Unaongea na nani?" mama akauliza.

"Na mwenye nyumba."

"Mwambie dari linavuja."

Vidole akaanza kusuka. Alianza na mistari mikubwa, ile ya kumaliza haraka mtu ashike njia. Alikuwa na hasira nzuri, yenye nguvu, na kazi ilikuwa inakwenda. Upande mmoja ulikuwa unaelekea mwisho mama aliposema tena, kwa sauti ileile, kama anauliza bei ya uzi:

"Wanataka wanipeleke nyumba ile. Wanafunga kwa nje. Sasa binti, nikiamka nikausukuma mlango haufunguki, nitajuaje kama niko ndani au nimekufa?"

Vidole vikasimama. Wateja wa miaka yote wanaweza kuapa: havijawahi kusimama katikati ya mstari.

"Eti, binti?"

"Sijui, mama," alisema Vidole.

Kisha vikaanza tena, ila muuza mayai, asiyepitwa na kitu, aliona mistari imeanza kupungua upana. Ikawa kama kamba za viatu. Ikawa kama uzi.

"Shoga, unasuka nini hapo? Hiyo si ya bibi harusi?"

"Wewe hesabu mayai yako."

Upande wa kwanza ukaisha. Vidole akautazama, akaufumua.

"Mbona unafumua?"

"Umepinda."

"Haujapinda hata kidogo!"

"Nimesema umepinda!"

Haukupinda. Vidole alikuwa anamwongezea Mungu muda. Alisuka taratibu, yeye aliyesifika mji mzima kwa mbio, na kila mstari alipoufunga alimsogelea Baba yake kwa mnong'ono: "Harakisha basi. Unasema au husemi? Mimi mistari inakwisha huku." Dari likabaki dari. Hakuna ndoto, hakuna upepo, hakuna hata mjusi aliyeanguka kwa namna ya kutia shaka. Palikuwa na shingo ya mwanamke mzee tu, nyembamba, imemlalia kwenye tumbo, nzito kwa usingizi.

Honi ikalia nje. Wifi akaingia anahema, mikono imejaa.

"Bado?"

"Bado."

Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa kama ya malkia. Nusu ya pili ilisimama wima kama iliyopigwa na radi.

"Mfunge kitambaa tu, wifi. Dereva ananifokea."

"Kichwa hakitoki nusu hapa." Na hiyo ni sheria kweli, ukiuliza wasusi wowote watakwambia, ni afadhali umkatalie mtu mlangoni kuliko kumtoa nje hivyo.

"Wifi jamani, kule hakuna atakayemwona!"

Maneno yakaanguka pale chini, katikati yao. Wifi mwenyewe aliyasikia, akaziba mdomo kwa mkono wenye mfuko wa sabuni. Muuza mayai aliona ni wakati wa kuyahesabu mayai kweli.

"Hapa anaonekana," Vidole alisema. "Mwache mpaka kesho."

"Kesho gari halipo."

"Basi liende."

"Na keshokutwa?"

"Nitakuwa bado nasuka. Si unaona kichwa chenyewe kilivyo kikubwa."

"Nani ana kichwa kikubwa?" mama akaamka.

Wifi alikaa kwenye benchi, na kilio kikamtoka kibaya, cha mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu. Alisema kwamba yeye si mbaya. Alisema alikuwa anamfunga mama mguu kwa kanga usiku, ncha nyingine kwenye mguu wake, ili asitoke bila yeye kujua. Vidole aliinama amwokotee sabuni iliyodondoka, na hapo akaona, nyuma ya mlango wa saluni, begi lililoachwa hapo tangu asubuhi badala ya garini: nguo zote za mama, dawa, blanketi, hata kikombe chake.

"Hilo ni la safari," wifi alisema upesi, macho chini.

"Ndiyo. La safari."

Gari likaondoka na honi zake. Kama Mungu alisema chochote mchana ule, honi zilimziba.

Maisha yakahamia nyuma ya pazia. Mama alilala kitandani, akirusha mateke kama anayeendesha baiskeli mlimani. Vidole alijikunja kwenye benchi la wateja na kuamka na mgongo wa bibi kizee. Asubuhi mama anawekwa kwenye kiti karibu na dirisha, anapokea wateja. "Karibu. Kichwa chako kama ndoo, lakini karibu." Wengine walianza kuja kwa ajili hiyo tu, na muuza mayai huja hata siku asiyosukwa. Wifi naye huja mwisho wa juma, anamkata mama kucha, na siku hizi anakubali kiti.

Wala msidhani Vidole amesamehe akamaliza. Siku nyingine mama anageuza macho kwa namna fulani, lile bati la vitana linalia tena uani, na Vidole anavuta pazia na kutoa taarifa. "Baba, leo simpendi. Nisikudanganye. Leo hata kidogo." Halafu anabandika maji ya kumwogeshea, kwa sababu yanachelewa kuchemka.

Habari ikafika kanisani, ikaongezwa viungo njiani. Ufunuo alisimama na kushuhudia kwamba katika ule mfungo, sasa anakumbuka vizuri, yeye alionyeshwa pazia. Makofi yakapigwa. Mchungaji, kijana mpya anayependa sana ushuhuda, akashuka mimbarani na kipaza sauti mpaka benchi la nyuma, mama alikokuwa amesinzia begani mwa Vidole, mistari yake ya bibi harusi inang'aa kwa mafuta.

"Mpendwa," alisema, na mpiga kinanda akajua la kufanya, akaweka sauti za chini chini za kuliza watu. "Kanisa linataka kujifunza. Wengi humu tunautafuta uongozi wa Mungu na hatuupati. Hebu tuambie: sauti ya Bwana ilikujia vipi? Kama upepo? Kama moto? Siku ile, saa ile, alikwambia nini?"

Kanisa likageuka nyuma. Hata watoto. Vidole akapokea kipaza sauti, akakitazama, akakisogeza mdomoni.

"Hakusema kitu, mchungaji. Nani hapa ana godoro asilolitumia?"