Waya Usio na Gitaa

Harufu ya waya wa shaba ulioungua, ile inayokaba koo kama nywele zilizochomwa, hunirudisha kijijini kwetu Makwale popote nilipo. Niliinusa mara ya kwanza kanisani kwetu, nikiwa na miaka kumi, siku kwaya ilipowasha amplifaya ya mjomba wangu Ambakisye. Kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio, moshi ulitoka nyuma yake na spika zikanyamaza.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama. Miezi michache kabla ya siku hiyo alipanda mtumbwi pale Matema, ufukweni mwa ziwa, kwenda kupiga gitaa kwenye harusi, amplifaya akaiacha kwa kuwa huko hakukuwa na umeme. Mtumbwi ulionekana umepinduka. Yeye na gitaa lake ziwa halikuwatoa. Mama hakulia, na hakuna aliyethubutu kutamka neno marehemu mbele yake. Kila jioni alimwekea sahani ya wali. Asubuhi niliula mimi, ukiwa wa baridi, huku nikihisi kuna mtu ananitazama nikila chakula chake.

Basi tukapeleka amplifaya na makasha mawili ya spika Bondeni, kwa fundi Salumu, mzee mpole ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Alipima kila spika kwa mita yake, akatikisa kichwa.

"Mama Tumpe, amplifaya hii inataka spika zenye ukinzani wa omu nane," alisema. "Kila spika ni omu nne. Huko kanisani waliziunga sambamba, zikawa mbili, ikabebeshwa mzigo usio wake. Nikiziunga kwa kufuatana, nne na nne, tunapata nane."

"Sauti yake itakuwa ile ile?" mama aliuliza.

"Itakuwa ile ile."

Tulikaa pale hadi mchana, mvua ikipiga bati. Fundi alibadilisha kilichoungua, akapigilia ubao nyuma ya kasha lililokuwa wazi ili yote mawili yavume sawa. Kisha akachomeka waya mrefu wa gitaa wa mjomba. Ncha ya pili ilibaki sakafuni, haina gitaa. Akawasha.

Kwanza ulikuja mvumo. Halafu, chini ya ule mvumo, sauti ya mwanamume, ya mbali, kama anayesema na maji mdomoni.

"Mugonile."

Ile ni salamu yetu ya Kinyakyusa. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Mama alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha spika.

"Ndaga, Amba," alijibu.

Akaanza kumsimulia, kwa Kinyakyusa, taratibu: kakao imeanikwa, mpunga umekatwa, shati lake la harusi amemtunzia. Akamuuliza amelala wapi. Spika ilivuma, sauti ikacheka kidogo, ikasema maneno ambayo sikuyashika. Nilimsogelea fundi.

"Ni mjomba?" nilinong'ona.

"Subiri, mwanangu," alisema polepole. "Mama bado anaongea."

Mama aliongea hadi maneno yakamwishia, akaegemeza paji la uso kwenye kasha, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Hapo ndipo fundi alipochomoa waya. Jumapili iliyofuata mama alimwendea mchungaji, akaomba ibada ya mazishi ya mdogo wake.

Sasa nami ni fundi wa sauti. Najua kwamba waya mrefu usio na gitaa hunasa redio, na kwamba ng'ambo ya mpaka wapo watangazaji wanaosalimia wasikilizaji kwa lugha inayokaribiana sana na yetu. Mzee Salumu alilijua hilo tangu salamu ya kwanza. Miaka mingi nilidhani alisimama kimya kwa sababu aliogopa kama mimi. Kumbe alikuwa anamsubiri mama amalize kuaga.