Nilishuka Kalundu na Maneno ya Marehemu

Ninyi wa Rurambo mmeniuliza sana, kila mtu na swali lake, hata kinywa kimechoka. Basi naandika mara moja, msome wote. Shule niliiachia mwaka wa tatu wa primeri, kwa hiyo mtanivumilia.

Sababu ya kwenda ilikuwa hii. Mume wangu, mzee Kashindi, alipoona anakufa, aliniita karibu akanipa maneno ya kumpelekea mjukuu wetu anayebeba jina lake. Desturi mnaijua. Maneno ya namna hiyo hayatumwi kwa simu. Unamshika mtu kichwa kwa mikono miwili, unayasema mara moja tu, unamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, basi. Yameshakutoka, huna tena haki ya kuyasema.

Mjukuu mwenyewe alizaliwa Lubumbashi. Nilimwona mara moja, angali mgongoni mwa mama yake. Kule mwanangu na watoto wake waliingia kanisa la Wamormoni, na kijana alipokuwa mkubwa akatumwa kuhubiri miaka miwili. Congo hii yote, wakamtuma wapi? Uvira. Hapa chini yetu!

Miezi mitatu ikapita, hajapanda kunisalimu. Mama Nabintu, jirani yangu, mnamjua mdomo wake, akaniambia mbele za watu kisimani: "Mjukuu wako anatembea na tai pale Uvira, na weye uko unatunza maneno kama mbegu. Panya watayala."

Nikampigia simu kijana.

"Koko," akasema, maana wajukuu wa leo ndivyo wanavyotuita, "siwezi kutoka Uvira bila ruhusa ya prezida."

"Prezida wa Kinshasa anakujua weye?"

"Hapana, koko. Prezida wa misioni."

Sikuelewa kitu. Nikafunga kitenge changu, nikashuka mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilitoka na umande. Mlima kuushuka ni kubaya kuliko kuupanda, magoti yanalia kila hatua. Jioni nilikuwa Sange kwa wifi yangu. Alinikanda miguu kwa maji ya moto na kunitisha kwa maneno: eti vijana wale hawanywi pombe, hawanywi chai, hawanywi kahawa. "Sasa wanakunywa nini?" nikauliza. Akasema hajui, labda wanasali tu.

Jumanne nilipanda moto, hiyo pikipiki, kwa mara ya kwanza maishani. Dereva akasema, "Mama, unishike kiunoni." Nikamwambia mwanaume wa mwisho niliyemshika kiuno yuko kaburini. Akacheka hadi moto ikayumba. Miwa ya Kiliba ilipita mbio kana kwamba yenyewe ndiyo inayosafiri.

Kavimvira, pale mpakani, nikawauliza wabadilisha pesa kama wanawajua vijana wenye chemizi, mashati yale meupe, na tai. Mama mmoja akajibu, "Wale wanaopita wawili wawili kama mbuzi wa kamba moja? Wanakaa Kalundu. Jana walinisalimu, hata hawakubadilisha pesa."

Saa sita hivi nikafika Kalundu, bandarini. Ziwa limepanda siku hizi, nyumba zingine zimebaki paa. Wabeba mizigo wanapiga kelele, ndagala, dagaa wetu, wanaanikwa mpaka njiani, jua linauma. Na hapo nikawaona. Vijana wawili, chemizi nyeupe, tai nyeusi, kibao kidogo kifuani, wanamsaidia mjane kubeba matofali. Mmoja mfupi, mmoja mrefu. Yule mrefu alikuwa na paji la uso la mume wangu! Lile lile pana. Machozi yakanijaa. Nilikimbia, mimi mwenye magoti haya, nikamkamata kichwa, akashusha tofali. Nikayasema maneno yote ya marehemu kwa Kifuliiru chetu, kwa sauti, bila kukosa hata moja. Nikamtemea mate. Aliinama, akatulia kama mwana-ng'ombe anayelambwa.

Kisha yule mfupi akasema nyuma yangu, taratibu:

"Koko, minye njo Kashindi."

Yaani yeye ndiye mjukuu wangu. Yule mrefu alikuwa Ilunga, Mluba wa Mbuji-Mayi, mwenzake wa kazi. Alikuwa anajifuta paji la uso, ameogopa. "Pardon, maman," akasema kwa Kiswahili chake cha kujikwaa. "Minye nilizania ni salamu ya hapa."

Wabeba mizigo walicheka. Mimi nilikaa juu ya matofali ya mjane. Kashindi alipiga magoti akanikumbatia, lakini sikujua kama nafurahi kumwona au namlilia.

Walinipeleka kwa Mama Furaha, muumini wao, nilale huko. Kwao hapana, mwanamke haingii. "Minye ni mwanamke?" nikauliza. Kashindi akasema ni sheria, hata kwa koko. Nikataka basi tuongee yeye na mimi peke yetu. Ilunga naye akaja, akakaa pale pale.

"Huyu hana kwao?"

"Lazima tuonane saa zote, koko. Yeye aniangalie, minye nimwangalie."

"Kwani mmoja wenu ni mwizi?"

Walicheka wote wawili. Nikamweleza Kashindi yaliyotokea. Hakucheka tena. Akaomba, "Irudie, koko." Nikamwambia hayarudiwi. Maneno yapo kwa Ilunga sasa.

Jumatano niliwafuata mchana kutwa, nataka nione hiyo kazi. Wanapiga hodi. Mlango mmoja unafunguliwa, mitatu inafungwa. Mtu mmoja aliwaambia wakatafute shamba la kulima. Kashindi alisema, "Aksanti, papa," kama aliyepewa nyama. Nilitaka kumjibu yule bwana mimi, Ilunga akanishika mkono. Nilijivuna na nikakasirika pamoja. Mtoto wa kwetu, anatukanwa, anashukuru! Sijui hiyo ni nguvu au ni ujinga. Hata sasa sijui.

Alasiri, uani kwa Mama Furaha, Ilunga alisema neno ambalo alilibeba tangu jana.

"Maman, kama iko kwangu, minye nimpe."

"Utampaje? Weye si wa ukoo."

Kashindi akaeleza kwamba kanisani kwao mtu huweka mikono juu ya kichwa cha mwenzake na kumbariki. Wanafanyiana. "Lakini mate hatutemi, koko."

"Leo yatakuwako," akasema Ilunga.

Mimi maneno siruhusiwi kuyasema tena kama baraka. Lakini kumfundisha mtu, hilo hakuna aliyelikataza. Nilifikiri sana, nikauliza moyo wa mzee. Nikakubali.

Tukaanza. Kifuliiru katika kinywa cha Mluba! Watoto wa Mama Furaha walijiviringisha chini. Namwambia, "Ng'ombe wakujue sauti," yeye anatoa kitu ambacho hata ng'ombe angekimbia. Mara kumi, mara kumi na tano. Alipofika kwenye "Usizike mtoto kama nilivyozika mimi", akauliza maana. Nilipomwambia, hakulikosea tena neno lile.

Kashindi akakaa kwenye kiti kidogo. Ilunga akaweka mikono, akasema yote. Mwisho kinywa kikamkauka kwa woga, ikabidi Mama Furaha amletee maji ndipo mate yakapatikana. Kashindi alilia. Nami nililia.

"Sasa minye nabaki na nini?" akauliza Ilunga.

"Unabaki na mate ya koko," Kashindi akajibu.

Alhamisi nilirudi, moto mpaka Sange, Ijumaa mlima. Shemeji yangu, mkubwa wa ukoo, alikuwa ananingoja mlangoni. "Yalifika?"

"Yalifika, lakini yalipitia kwa mgeni."

Akatikisa kichwa, akasema maneno ya mtu hayapitii kwa mgeni. Mama Nabintu akasema nimeyagawa bure. Labda. Mimi sikusoma, siwezi kubishana.

Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuhifadhi kitu vizuri, akakibeba vizuri, na mlangoni akakosea mlango. Sijui kama baraka ilihama yote, au nusu ilibaki kwenye lile paji pana la uso. Kwa hiyo, nikiomba, naomba hivi: Mungu, Kashindi asizike mtoto. Na Ilunga vilevile, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuambiwa.